Ukurasa Nilioufuta

Chanzuru, Jumamosi, Agosti 1974

Watu walicheka kweli leo. Kila mara mlanguzi wa mchezo wangu wa kuigiza alipofukia mahindi, uwanja mzima wa shule ulizomea, na mimi niliyemtunga nikawa natazama chini.

Nilipomwandika mwanzoni hakuwa mbaya tu. Alificha mahindi yasiende ghala la kijiji, lakini jioni alimpelekea mjane wa jirani kibaba cha unga. Nilimwiga kutoka kwa baba yangu mdogo anayeishi Mvumi, aliyetulisha hivyo hivyo baba alipofariki.

Wiki iliyopita katibu wa tawi la chama alikuja kutazama mazoezi.

"Mwalimu, huyu tumchukie au tumhurumie?"

"Vyote viwili, ndugu Katibu."

"Mnyonyaji hahurumiwi. Futa ukurasa wa mjane."

Nikaufuta. Naogopa kuhamishwa, na mama ni mgonjwa. Lakini hata kubisha kidogo sikubisha.

Sikujua baba mdogo angekuja. Mchezo ulipokwisha nilimkuta amesimama nyuma ya watu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akanipa mkono. "Yule mzee wa mchezo wako, hakuwa na jirani hata mmoja?"

Nikamwambia mchezo ulikuwa mrefu, tukaupunguza.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Nilimkaribisha chai, akasema Mvumi ni mbali, afadhali awahi.

Katibu ameupenda mno mchezo. Anataka mwezi ujao tuupeleke Mvumi, na nimeshamkubalia.