Pete Niliyosema Imepotea

Baba yangu mpenzi,

Kamwene. Huku Uyole baridi imekaza leo, nami nimeikumbuka karakana yako pale Iringa, ulipokuwa ukichonga mipini ya visu kwa mifupa ya ng'ombe. Mimi nafagia unga wa mifupa huku nikipiga chafya, wewe unanicheka na kunifundisha. "Tazama pale ilipokatwa. Mfupa una vitundu vyeusi. Pembe ya ndovu ina mistari inayopishana kama mkeka."

Ile pembe uliyoiokota Idodi ilikuwa nusu tu, imepasuka kwa jua, hata mama akabisha kwamba ni mfupa. Ukakata kijipande ili kuhakikisha. Mama alipoiona ile mistari akataka uizike.

"Hapana, Mama Agnesi. Pembe ya kuokota ni mali ya Serikali. Naipeleka Boma."

Kumbe walitaka ifike kama ilivyookotwa. Bwana Nyama, yule mzungu wa wanyama wa porini, aliliona kovu jipya la msumeno. "Kipande kiko wapi?" Ukasema umekitupa shimoni pamoja na takataka za mifupa. Nani angekuamini? Ukweli wako ukakuponza, wakakufunga miezi sita.

Na wiki ileile ulikuwa umenichongea pete nyeupe. Shuleni waliponiita mtoto wa mwizi, niliivua nikaificha. Sikuthubutu kuichunguza, baba. Niliogopa kuiona ile mistari.

Ulirudi umekonda. "Pete yako iko wapi, mwanangu?"

"Imepotea, baba."

Ukashika msumeno wako. Hukunichongea nyingine, wala hukuniuliza tena.

Baada ya arobaini yako nilirudi huku na kisanduku changu cha utotoni. Jana asubuhi nikaitoa pete, nikaisogeza dirishani. Vitundu vyeusi, baba. Vitundu vitupu, hakuna mstari hata mmoja. Nililia mpaka mume wangu akadhani tumepata msiba mwingine.

Nilikukosea, na sasa ninakukumbuka kila nikisikia mtu anakata kitu kwa msumeno. Nimejaribu kuivaa hata kwa sabuni. Kidole cha mwisho nacho imekikataa. Nimeitia uzi, nimeivaa shingoni.

Uliniuliza iko wapi. Iko hapa, baba. Haikupotea.

Pumzika sasa,
binti yako na mfagiaji wako,
Agnesi