Barua ya Mzee Komba

Jumatano, baada ya matokeo

Nimeshinda! Mimi, mama muuza ndizi wa Lizaboni, ndiye mwenyekiti wa mtaa. Chama chetu kipya walikicheka, eti wanachama wote tunaenea kwenye bajaji moja. Basi, bajaji imefika!

Naogopa kidogo. Hata muhuri sijawahi kuushika.

Lakini jioni hii Mzee Komba, mwenyekiti niliyemwangusha, kaja mwenyewe mlangoni. Mwaka jana alinizungusha wiki nzima, njoo kesho, njoo kesho, kwa barua moja ya utambulisho. Sasa binti yake anahitaji barua kama ile, aombe mkopo wa chuo.

Nikampa kiti. "Shikamoo, mzee. Barua utapata, subiri tu niapishwe."

Ameitika "marahaba" kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.