Mpingo wa Bilali

Jumatano, Mwanga, Kigoma

Bilali wa kunifanyia mimi hivi! Tumezikiana wazazi, tumeozeshana watoto, halafu ananiletea mti uliolowekwa oili chafu anauita mpingo.

Gitaa la umeme lilikuwa tayari. Mwili mninga, niliukausha miaka miwili juu ya moshi wa jikoni. Shingo mvule. Juu ya shingo, pale panapokimbia vidole, nikataka mpingo, maana hauliwi na nyuzi. Kigoma nzima hakuna fundi anayeoanisha miti kama mimi, na wanajua.

Nestori, yule mkimbizi wa Burundi aliyeacha gitaa lake akikimbia vita, leo alitoka kambini kwa kibali cha siku moja aje achukue hili jipya aliloniagiza. Alipiga wimbo mmoja, akasimama. Vidole vyeusi, shati jeupe la kwaya nalo jeusi.

"Mzee, mpingo wako unatoka jasho."

Hakucheka. Amerudi mikono mitupu, na kibali kingine sijui atapewa lini.

Nikamfuata Bilali kule Kasingirima, kwenye mbao zake. Hata hakukana.

"Mpingo sikupata, fundi. Si unajigamba unajua mti kwa kunusa, hata ukifungwa macho? Pua yako ilikwenda wapi?"

Nikageuka nikarudi zangu, mimi!

Huku nyumbani naweza kusema. Harufu niliisikia siku ile ile alipouleta. Nikajiambia ni mikono ya Bilali tu, ametoka kushika mashine ya boti.