Gurudumu la Aliyeshinda Peke Yake

Shoga, nimechefukwa, acha nikusimulie.

Leo ni siku ya nne ya mashindano ya baiskeli. Kapteni wetu kapata pancha mlimani, gari la fundi liko mbali nyuma. Kocha akanibwatukia kwenye redio ya sikioni: "Mpe gurudumu lako!" Nikachomoa la nyuma, nikampa. Hata asante sikusikia.

Nikabaki barabarani na baiskeli ya gurudumu moja kama mwendawazimu. Fundi alipofika nikaendelea, lakini nikamaliza nje ya muda uliowekwa. Nimeondolewa mashindanoni!

Yeye kashinda. Sawa, ndiyo kazi yetu sisi wengine, kumsaidia kapteni ashinde. Lakini sikia alichowaambia waandishi: "Leo nimepambana peke yangu."

PEKE YAKE! Na mimi nimesimama palepale, matope hadi puani!

Eti shukrani ya punda ni mateke. Punda angalau hatoi mahojiano.

Ngoja, bado. Tunalala naye chumba kimoja. Kaingia, kajitupa kitandani: "Mdogo wangu, gurudumu lako linapiga kelele. Uwe unalitunza."

Ptuu!

Nimeshuka stoo ya baiskeli, nimelichomoa gurudumu langu kwenye baiskeli yake, nimelificha uvunguni. Sasa yeye kashuka kula, na fundi anagonga mlango, analitafuta. Nimemwambia akamuulize aliyeshinda peke yake.