Gari la Umeme na Kichefuchefu cha Mama

Kamunyonge, Musoma
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Prudence,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Oslo? Baridi inasemaje, na kile kifua chako je? Wapwa wangu wanaendelea vizuri na shule? Sisi huku ni wazima, mvua imeanza kuchokoza na mke wangu Happyness anashinda shambani.

Sasa lile swali lako. Uliniuliza kama gari unalotaka kumtumia Mama liwe la umeme, kama yanavyojaa huko kwenu, au la petroli kama hii teksi yangu. Nilicheka. Nimeendesha petroli tangu ujana, nikajua jibu ninalo. Kumbe sina.

Shida yenyewe unaijua. Kliniki ya presha iko Musoma, Mama yuko Butiama, na harufu ya petroli inamtapisha kabla hatujatoka kijijini. Tangu mwezi wa tisa amekataa katakata kupanda. Akisikia honi yangu anaingia ndani, anajilaza. Dawa zikamwishia, na mimi nikaanza kuogopa kwamba tutampoteza hivi hivi tunamwangalia.

Basi nikaenda Bunda. Pale Manyamanyama yupo Abubakary, muuza vipuri, ameleta gari dogo la umeme lililotumika. Nikalizunguka kama ng'ombe wa mnadani. Nikatafuta pa kumwagia oili, hakuna. Bomba la moshi, hakuna. Nikawasha, nikadhani halijawaka, nikawasha tena. Abubakary alicheka mpaka akakaa chini, lakini akaniazima siku ya kliniki, likiwa limejaa chaji.

Mama alilinusa kwanza. Akapanda, akafungua kioo, akakifunga. Tulipofika Makutano alikuwa ananisimulia habari za harusi yake! Nami nyuma ya usukani nikajiona fundi kweli. Kila mteremko naachia nyutro gari lijiendee, kama tunavyofanya madereva wote wa barabara hii ili kubana mafuta. Chaji ikashuka, ikazidi kushuka, na kabla ya kufika Bweri gari likazima kabisa.

Nilipompigia Abubakary hakunihurumia. Gari hilo ukiliacha kwenye gia wakati wa kuteremka, linajirudishia chaji lenyewe. Kile nilichodhani nakibana ndicho nilichokuwa nakitupa, Prudence, mteremko baada ya mteremko. Kweli elimu haina mwisho.

Niliona aibu mbele ya Mama. Nikajua sasa hatapanda tena chochote chenye magurudumu. Yeye alikuwa amekaa kando ya barabara, kanga mabegani, anatazama watu wakilisukuma. Akaniambia, "Lile lako linafikaga, ila mimi ndo nakuwaga nimekufa. Hili limekufa, mimi mzima."

Tukamalizia safari kwa bajaji, upepo unampiga, akapimwa na kupewa dawa zake.

Sikufichi, bado nina maswali. Umeme wa Luku ni nafuu kuliko petroli, hilo nimeliona. Lakini Butiama umeme unakatika mvua ikinyesha, na njiani hakuna pa kuchajia, wakati petroli utaipata hata kwenye chupa za maji. Na betri ikichoka, nani huku ataigusa? Niulizie huko namna ya kuipima kabla hujanunua.

Ila tuma la umeme. Mimi nitajifunza upya udereva, uzee huu. Jana Mama ameazima simu ya jirani, amenipigia mwenyewe kuuliza kliniki nyingine ni lini.

Nisalimie shemeji Brian na watoto wote. Shangazi Nyamburi na Happyness wanakusalimu sana. Mungu akutie joto kwenye baridi hiyo na aulinde mkono wako unaotukumbuka.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kama zamani,

Stanislausi