Mkasi Mikononi mwa Mkamwana

Chumba cha juu, nyuma ya duka la viatu
Jumapili, alasiri

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Usingizi unakuja? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba unacheka sana siku hizi, nikajua unaogopa. Sisi huku ni wazima, ila mafua ya hapa na pale.

Barua yako ya kuniomba niwe nawe siku ya upasuaji nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Sikujibu kwa sababu jibu lilikuwa lile lile: nani atakata vitambaa vya wateja? Unajua mkasi wangu haushikwi na mtu.

Sasa sikia. Darasa la Kiingereza la jioni bado naenda, ingawa mwanangu ananiita Profesa. Juzi mwalimu aliandika ubaoni kitenzi “delegate”. Akasema ni kumpa mtu mamlaka yako, aamue kwa niaba yako, nawe ukae pembeni. Kila mmoja atunge sentensi ya maisha yake. Mimi nilibaki nikitazama vumbi la chaki likielea kwenye mwanga, nikikuona wewe tu kitandani.

“Mama Mkasi, uko wapi?” mwalimu akauliza. Sikuwa na sentensi, dada. Niliona aibu.

Kesho yake nikampa mkamwana mkasi.

“Mama, nikikosea je?”

“Utakuwa umekosea wewe. Usiniite.”

Nikapanda juu, nikajilaza karibu na dirisha. Pazia linapanda, linashuka. Chini nausikia mkasi ukila kitambaa kwa mwendo usio wangu, wa taratibu. Mwanzoni nilihesabu kila mkato. Halafu sijui ilikuwaje, mwili ukawa mwepesi, nikasinzia mchana kweupe, mimi!

Nilipoamka magauni yalikuwa yananing'inia. Kola moja pana kuliko ninavyopenda. Mkono ulikwenda kwenye chaki ya kuchorea kitambaa, nikaurudisha. Mwenye gauni hilo akaja, akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akaondoka nalo akitabasamu. Hata hakuniulizia.

Iliniuma, sikufichi. Kisha nikafurahi mpaka machozi, maana sikuwa na kisingizio tena. Tiketi nimeshakata.

Msalimie sana shemeji, na wale mapacha watundu. Mungu akutunze mpaka nifike. Wauguzi wakiuliza nani atakaa nawe, waambie ni mdogo wako. Hilo simwachii mtu.

Mdogo wako akupendaye