Kuaka Wamefika, Menyeni Viazi

Hinewai na Tamati,

Mkitoka shule menyeni viazi vitamu, kikapu kizima, na msitegeane. Paka ameshakula, asiwadanganye. ~~Mlango wa nyuma ufungeni kwa kufuli.~~ Mlango uacheni tu.

Mlipoondoka asubuhi nilikuta kitanda cha Babu kitupu, gambuti zake hazipo. Mnajua tangu Bibi afariki hatoki chumbani, na sahani yake inarudi kama ilivyokwenda. Na baharini maji yalikuwa yanajaa. Nilikimbia na nguo ya kulalia mpaka hifadhi ya ndege kule ufukweni, majirani wote wameniona. Cheka tu, Tamati.

Nimemkuta kwenye kibanda cha kutazamia ndege, kaing'ang'ania darubini ya wageni. Wale ndege wake, kuaka, wamefika kutoka Alaska. "Waone walivyokonda," akaniambia. "Na wewe punguza kelele, utawafukuza." Nikakaa chini nikalia. Akanipa darubini.

Nimepitia koti lake na chai, narudi huko. Hataki kuondoka mpaka maji yapwe. Viazi kaagiza mwenyewe, vya kukaanga, vingi. Anasema ana njaa.

Mama